Dubai: treni zisizo na dereva na siku isiyosogezwa

Saa tatu na dakika tisa usiku, tarehe 9 Septemba mwaka 2009, mtawala wa Dubai, Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum, alizindua treni za mjini zisizo na dereva. Kuondoka, kupunguza mwendo, kusimama kituoni: yote ni kazi ya kompyuta. Kosa katika programu zake lingehatarisha maisha ya abiria.

Siku hiyo ilikwisha kutangazwa, wala haikusogezwa. Kilichopunguzwa ni vituo. Kati ya 29 vya Njia Nyekundu vilifunguliwa 10 tu. Vingine vilifuata kidogo kidogo.

Februari mwaka 2001, huko Snowbird, jimboni Utah, Marekani, waundaji programu 17 walikuwa wametoa ilani ya mtindo uitwao Ajaili, yaani kutoa kazi vipande vipande. Wanaoufuata hushikilia kwamba muda ukibana, ipunguzwe kazi, si majaribio. Dubai ilifikishwa hapo na ujenzi uliochelewa, si na ilani. Lakini heri vituo vichache vilivyo tayari kuliko vingi vya kubahatisha.

Njia ya Kijani ilizinduliwa tarehe 9 Septemba mwaka 2011.