Sikio la Ng'ombe

Anayetaka kuisoma historia ya sheria za mifugo hapa Babati asianze na majalada ya wilaya. Aende mnadani atazame masikio ya ng'ombe. Ataona moja limepasuliwa ncha, jingine limekatwa pembeni, na pajani pana chapa ya moto. Wabarbaig na Wamaasai walikuwa wakimtambulisha mwenye mali kwa njia hiyo kabla serikali yoyote haijaandika sheria juu ya ng'ombe wao.

Sheria iliyoandikwa ilizaliwa na hofu. Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia 1891 ilikuwa imekwisha kuzifyeka zizi za Umasaini. Ndui na njaa vikafuata. Malisho yaliyokosa ng'ombe yakaota vichaka, na vichaka vikakaribisha mbung'o. Basi mkoloni alipotunga Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, iliyojulikana kama Sura ya 156, shabaha yake kubwa ilikuwa kufunga njia: karantini na vibali vya kuswaga mifugo. Sina ugomvi na karantini. Ila katika sheria ile namwona mfugaji kama mtuhumiwa tu.

Ajabu ni kwamba Uhuru ulikuja na sheria ile ikabaki. Bunge lilitunga nyingine mwaka 2003, mwaka ule ule uliotuletea Sheria ya Veterinari na Sheria mpya ya Uvuvi mahali pa ile ya 1970. (Samaki wa Ziwa Babati hana sikio la kutoboa; kwake sheria hupima matundu ya nyavu.)

Na sotoka je? Ilirudi kaskazini mwa nchi yetu mwaka 1997, Babati ikiwa bado katika Mkoa wa Arusha, ikazimwa kwa chanjo. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba imetokomea. Lakini katika nyika za mbali, kama Karamoja kule Uganda na Afar kule Ethiopia, waliobeba chanjo isiyohitaji barafu walikuwa wafugaji wenyewe, waliofundishwa kuchanja. Pale ambapo magari ya serikali hayakufika, walifika wao kwa miguu.

Somo hilo, kwa maoni yangu, halikuzingatiwa vya kutosha ilipokuja Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010. Nia yake ni njema: mnunuzi wa ng'ambo anataka kujua nyama imetoka zizi gani. Lakini mfugaji aliijua kwanza kama gharama. Mwaka 2017 ilikuwa chapa ya moto, ambayo huiharibu ngozi. Mwaka 2021 hereni za kielektroniki, naye akitakiwa kuzilipia. Malalamiko yakafika bungeni na zoezi likasimamishwa. Mwaka 2025 hereni zilirudi, safari hii zikifuatana na chanjo yenye ruzuku. Hapo angalau mtu anaona anachopewa.

Ningependa karani anayeandika namba ya hereni aandike pia alama ya ukoo iliyo kando ya tundu. Hereni mwizi huing'oa usiku mmoja. Alama ya ukoo hawezi kuifuta, labda alikate sikio zima, na ng'ombe asiye na sikio akitokea mnadani, wazee hawakosi kuuliza.