Kampilan: juu ya nini upanga mukubwa vile?

Katika somo la historia tunaonyesha wanafunzi picha ya kampilan, upanga wa wazee wa Mindanao na Sulu, kusini ya Ufilipino. Kila mwaka wanatujibu vilevile: «Hao watu walikuwa majitu!» Ao: «Ni ya kutisha tu.» Sisi tunaona jibu kama hilo linawavunjia heshima wahunzi wa kule. Tuangalie kwanza kitu chenyewe.

Kampilan nzima inafika karibu sentimita 90 mpaka meta 1. Makali ni upande mumoja tu. Karibu na mupini ubapa ni mwembamba, kisha unapanuka kuelekea ncha. Hapa njo siri ya kwanza: uzito uko mbele, sawa na shoka. Mutu akipiga, uzito wenyewe unasaidia mukono. Lakini uzito wa mbele unachokesha. Kwa hiyo muhunzi aliweka mupini murefu, na mwisho wake kichwa kikubwa kama mudomo wa mamba uliofunguka. Kichwa hicho kinasawazisha upanga, na mukono wa pili unapata nafasi. Kumbe ule urembo una kazi!

Sababu ya pili ni namna ya vita. Watu walipigana kwa mikuki na ngao, mara mingi pembeni ya bahari. Mwenye silaha ndefu anamufikia adui mbele adui hajamufikia. Huko Java, keris ni fupi, ni ya kuchoma kwa karibu. Ilipofika Mindanao na Sulu, iliongezwa urefu na upana, ikakuwa upanga wa kukata. Ukoo ni mumoja, lakini kazi ilibadilika.

Mufano unaojulikana sana ni vita ya Mactan, tarehe 27 Aprili 1521, ambapo Magellan aliuawa na watu wa Lapulapu. Pigafetta, Mwitalia aliyekuwa pale, aliandika kwamba mutu mumoja alimujeruhi Magellan muguu wa kushoto kwa upanga mukubwa. Wazungu walikuwa na mavazi ya chuma, lakini miguu haikufunikwa. Wengi wanasema ni kampilan. Katika habari ya kifo hicho, Pigafetta mwenyewe hakuandika jina hilo.

Sababu ya tatu ni cheo. Upanga murefu unaomba chuma mingi na siku mingi za kufua. Mwenye kuubeba alionekana kuwa mutu mukubwa, na upanga ulirithiwa katika jamaa.

Lakini tusidanganyike: ukubwa peke yake haukuleta heshima. Watausug wa Sulu walipenda sana barong, upanga mufupi wenye umbo la jani, juu ni mwepesi kwa kupigana karibu-karibu. Kama shabaha ilikuwa kutisha tu, nani angebeba barong?

Basi, kila silaha ilitoka katika hesabu: nani anapigana, wapi, na adui amevaa nini. Sisi walimu tunaomba jambo moja. Hata hapa kwetu kuna visu na mikuki ya wazee inayokaa kwenye ukuta bila maelezo, na watoto wanaicheka. Tuwaulize wazee wakiwa bado hai: hii ilikuwa ya kazi gani? Wakiisha kwenda, itabaki chuma tu.