Maadili ya mwanaanthropolojia serikalini (Njombe na Makambako)

Ni kanuni zinazomwongoza mtafiti wa jamii anayefanya kazi na idara za serikali: anawajibika kwa nani, aandike nini, anyamazie nini. Katika Nyanda za Juu Kusini suala hili ni la zamani. Miaka ya 1930, katika Jimbo la Iringa, lililojumuisha Njombe, mwanaanthropolojia Gordon Brown na ofisa tawala Bruce Hutt waligawana kazi katika utafiti juu ya Wahehe. Kitabu chao kilitoka 1935. Ofisa aliuliza, mtafiti alitoa taarifa bila kuhukumu sera, uamuzi ukabaki kwa ofisa. Mgawanyo nadhifu, ila ridhaa ya Mhehe anayehojiwa haikuwamo.

Leo kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya 1986. Kisha mtafiti hupita mkoani, wilayani, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Lakini anayeshuka kwenye gari la halmashauri pale Makambako, njia panda ya kwenda Songea, ataitwa mtu wa serikali hata akikana. Njombe jambo hilo lina uzito: utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta maambukizi ya VVU ya asilimia 11.4 kwa watu wazima, ya juu kuliko mikoa yote. Kwa utafiti unaogusa siri kama hiyo, kuficha jina la mhojiwa hakutoshi. Kijijini, umri na kazi vyamtambulisha mtu.