Radiani: Pembe Inayopimwa kwa Nusukipenyo

Katika shule za msingi za Tanzania pembe hupimwa kwa nyuzi: pembe mraba ni nyuzi 90, mzunguko kamili nyuzi 360. Hiyo 360 ni urithi wa Babeli, walikohesabu kwa sitini-sitini. Inagawika vizuri, lakini hakuna kitu ndani ya duara kinachoidai.

Radiani hutoka ndani ya duara lenyewe. Kata kamba yenye urefu sawa na nusukipenyo, ilaze juu ya mzingo, kisha kutoka kila ncha yake chora mstari hadi kitovu. Pembe inayofanyika pale kitovuni ni radiani 1, takriban nyuzi 57.3. Duara liwe dogo au kubwa, pembe ni ileile. Na kwa kuwa mzingo ni nusukipenyo mara 2π, mzunguko kamili ni radiani 2π, yaani 6.28 hivi.

Mwingereza Roger Cotes alikuwa na wazo hili mwaka 1714. Jina lilikuja baadaye sana: James Thomson alilitumia katika maswali ya mtihani huko Belfast mwaka 1873, akilitoa kwenye neno la Kilatini radius. Sisi radius tunaiita nusukipenyo, kwa hiyo "radiani" haimwonyeshi msomaji wetu ilikotoka. Sioni haja ya kuibadilisha, maana ni kipimo cha dunia nzima. Ila kamusi na vitabu vyetu viianze kwa nusukipenyo. Anayefundishwa tu kuzidisha nyuzi kwa π na kugawanya kwa 180 anapata jibu bila kuiona pembe.

Akiiona, mengi hurahisika. Urefu wa tao huwa ni nusukipenyo mara pembe, basi: gurudumu la baiskeli lenye nusukipenyo cha sentimita 35 likibingirika radiani 2, baiskeli imesogea sentimita 70. Tena saini ya pembe ndogo hukaribia pembe yenyewe. Saini ya radiani 0.1 ni 0.0998. Kwa nyuzi ukaribu huo haupo.

Ndiyo maana herufi DEG (nyuzi) na RAD (radiani) kwenye kikokotoo zitazamwe kabla ya kubonyeza chochote. Saini ya nyuzi 30 ni 0.5. Kikiwa kwenye RAD, kikokotoo hutoa −0.988, kwa kuwa kimehesabu radiani 30: mizunguko minne na zaidi kidogo ya robo tatu.