Maceleb, Watoi Wao na Serikali: Mbona Sheria Hupima na Mizani Mbili?

Piga picha hii. Mzazi wa mtaani ananing'iniza mtoi wa miezi tisa nje ya balkoni ya ghorofa, na chini kuna umati unaona kila kitu. Unadhani hiyo usiku mtoi angelala kwake? Sasa weka Michael Jackson hapo na story inageuka. Kila mara watu wakibishana kuhusu maceleb na malezi, kuna kesi kadhaa ambazo hazikosi kutajwa. Hizi hapa, na vile serikali ilicheza kila moja.

Michael Jackson, Berlin, 2002

Tarehe 19 Novemba 2002, MJ alikuwa Ujerumani kuchukua tuzo ya Bambi. Mafans walikuwa wamejaa nje ya Hotel Adlon wakitaka kumwona. Akatokea na mtoi wake wa mwisho, yule wengi wanamjua kama Blanket, kichwa kimefunikwa na kitambaa. Akamshikilia nje ya reli ya balkoni kwa sekunde chache, halafu akamrudisha ndani. Baadaye aliomba msamaha na kusema lilikuwa kosa baya. Hakushtakiwa. Lakini usidhani alitoka hapo msafi, ju hiyo picha ilimfuata hadi alipofariki 2009.

Steve Irwin, Queensland, 2004

Huyu ndiye yule jamaa wa mamba wa Australia. Tarehe 2 Januari 2004, ndani ya Australia Zoo, alikuwa analisha mamba wa karibu mita 4. Mkono mmoja alikuwa na kuku, ule mwingine alikuwa amebeba kijana yake Robert, mwenye umri wa mwezi mmoja tu. Watu waliwaka dunia nzima. Irwin alishikilia kwamba alikuwa amecontrol kila kitu na mtoi hakuwa kwa hatari. Yeye pia hakushtakiwa. Kitu ilibadilika ni sheria: Queensland ikapiga marufuku watoto na watu wasio na mafunzo kuingia kwa boma la mamba. Soma hiyo tena. Serikali iliona kitendo chenyewe ni hatari kiasi cha kubadilisha sheria, na bado aliyekifanya akaenda home.

Britney Spears, California, 2006 hadi 2008

Februari 2006, Britney alipigwa picha Malibu akiendesha ndai na mtoi wake amemweka kwa mapaja. Mtoi hakuwa amefika hata miezi mitano. Alisema alikuwa anakimbia paparazi waliomtisha. Maafisa wa watoto walifika kwake na hakushtakiwa. Hadi hapo ni kama wengine, si ndiyo? Shida ni kwamba kwake kamera hazikuzima. Oktoba 2007 jaji aliamua watoto wakae na baba yao, Kevin Federline. Februari 2008 korti ikamweka chini ya usimamizi wa baba yake mzazi, na hakutoka hapo hadi Novemba 2021.

Brad Pitt, 2016

Septemba 2016 kulizuka madai kwamba alimkosea mmoja wa watoto wake ndani ya ndege ya kibinafsi ikitoka Ufaransa. Idara ya watoto ya Los Angeles ilichunguza, FBI pia ikaingia. Kufikia Novemba mwaka huo, zote mbili zilikuwa zimefunga file bila mashtaka.

Kwa ground vitu ni tofauti

Sasa linganisha na mathe mmoja wa South Carolina, mwaka 2014. Alikuwa anafanya kazi kwa mkahawa wa vyakula vya haraka, na wakati wa shift akamwacha binti yake wa miaka 9 kwa uwanja wa kuchezea, mchana. Hakukuwa na mamba wala balkoni hapo. Makarao walimshika, na mtoi akachukuliwa na serikali kwa muda.

Na si yeye peke yake. Utafiti uliochapishwa Marekani 2017 ulikadiria kwamba karibu asilimia 37 ya watoto huko hupitia uchunguzi wa idara ya watoto kabla wafikishe miaka 18. Kwa watoto weusi, ilikuwa asilimia 53. Hiyo ni zaidi ya nusu, msee.

Mbona matokeo hayafanani?

*Nani anakuripoti.* Marekani, walimu, madaktari na maafisa wa jamii wanalazimishwa na sheria kuripoti wakishuku kitu. Ukiwa umesota, unaishi katikati ya hao watu: kliniki ya umma, foleni ya msaada, nyumba za serikali. Aliyeomoka ana daktari wake na yaya wake, na hao ni yeye anawalipa.

*Umaskini unafanana na utelekezaji.* Kesi nyingi huko si za kipigo. Ni madai kwamba mtoi hatunzwi vizuri. Fridge tupu ama mtoi kubaki peke yake inaweza kuwa msoto tu, lakini kwa fomu inaandikwa kama kosa la mzazi.

*Wakili.* Celeb akigongewa mlango, wakili amefika kabla chai ipoe. Mzazi wa kawaida mara nyingi hukutana na wake pale kortini.

*Saa inakimbia.* Sheria ya Marekani ya 1997 inasema mtoi akikaa mikononi mwa serikali miezi 15 kati ya 22, kwa kawaida serikali inafaa kuomba korti imvue mzazi haki zake. Mwenye doh anaweza kumaliza kesi mapema. Asiye nayo anaweza kupoteza mtoi kabisa.

*Jina lenyewe.* Na hata maceleb hawako sawa. Irwin alikuwa anapendwa na nchi yake na kucheza na mamba ndiyo kazi yake, kwa hivyo wengi walimtetea. Britney alikuwa dem mchanga anayeachana na bwana, na kila kosa lake lilikuwa na mnunuzi wa picha. Umaarufu unaweza kukukinga leo, kesho ukuanike.

Na huku kwetu?

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022 ikafuata njia hiyo hiyo. Hakuna mahali imeandikwa mwenye followers wengi apewe nafasi ya pili. Ukijua mtoi anaumia, namba ni 116, na haikati credo.

Kwa hivyo next time clip ya celeb na mtoi wake ikitrend, usianze kuuliza kama unampenda huyo msee. Uliza vitu viwili. Mtoi alikuwa kwa hatari kiasi gani? Na mama mboga wa mtaa wako angefanya hivyo hivyo, angefanywa nini? Kama majibu hayafanani, basi aliyelindwa hapo ni jina la mzazi. Mtoi amesahaulika.