Picha za Faras na Maji ya Nile

Serikali ya Misri ilipoazimia kujenga Bwawa Kuu la Aswan, na ikawa dhahiri ya kwamba maji yatakayozuiliwa yatapanda hadi ndani ya ardhi ya Sudani na kuigharikisha nchi ya Nubia pamoja na mahekalu, makaburi na makanisa yake, UNESCO ilitoa wito mwezi Machi 1960 kwa mataifa yote yaje kuokoa kitakachowezekana kuokolewa. Miongoni mwa walioitikia walikuwa Wapolandi, chini ya Profesa Kazimierz Michałowski, nao wakapewa Faras, mji ulioitwa Pachoras zamani, makao ya maaskofu na hapo kale mji mkuu wa ufalme wa Nobadia.

Ndani ya kilima walikuta kanisa kuu la zama za Askofu Paulos, lililojengwa upya mwaka 707. Mchanga, ambao aghalabu twauhesabu kuwa adui wa majengo, ulikuwa umezijaza njia za kanisa hata ukazishikilia kuta zisianguke na kuzikinga rangi zisiunguzwe na jua kwa karne nyingi. Zilidhihirika picha zaidi ya 150, za malaika, wafalme na mashahidi wa dini. Atakaye kujua Wanubia walivyojitazama nafsi zao, na aiangalie taswira ya Askofu Petros, ya karne ya 10, ambaye mchoraji alimpa uso wa kahawia iliyokoza, rangi ya watu wa nchi yake, ilhali Mtume Petro aliyesimama nyuma yake, mwenye kumlinda, amepakwa rangi nyeupe zaidi.

Ugumu wa kuziokoa ulitokana na namna zilivyotengenezwa. Mafundi wa Italia walizoea kuchora juu ya chokaa mbichi, ambayo huinywa rangi hata vikawa kitu kimoja. Hawa wa Nubia walipaka rangi yenye gundi juu ya lipu kavu ya udongo, na udongo ukifikiwa na maji hurudi kuwa tope. Tena kila zama zilikuja na lipu yao na picha zao juu ya zile za kale, hata mahali pengine tabaka zikawa tatu, na kuiona ya chini hakukuwezekana ila kwa kuiondoa ya juu.

Kwa hiyo kabla ya kisu kuugusa ukuta, picha zilipigwa kamera, zikapimwa na kunakiliwa kwa mkono. Kisha Józef Gazy na wenzake walizifunika kwa karatasi nyembamba za Kijapani, wakazishikiza kwa nta iliyochanganywa na ulimbo na kupigwa pasi ya moto, ndipo wakazitenga na kuta kwa misumeno na visu. Hadi mwaka 1964 zilikwisha kutolewa kama 120. Wenyeji wenyewe wa Wadi Halfa na vijiji vyake walihamishiwa mbali, Khashm el-Girba, jambo ambalo vitabu vya sanaa hulipitia kwa sentensi moja, kama nifanyavyo hapa.

Sifa nyingi zimewaendea wenye misumeno, na ni haki yao. Lakini mimi naona deni letu kubwa zaidi ni kwa wenye kalamu na kamera. Picha iliyokatwa hukoma kusema ilikabili mlango gani na ilikuwa jirani ya nani. Bibi Anna mtakatifu, aliyeweka kidole mdomoni, ambaye leo hutazamwa peke yake huko Warsaw, alikuwa katika njia ya kaskazini ya kanisa, mahali panapodhaniwa kuwa pa wanawake. Hilo twalijua kwa ramani na michoro tu, kwa kuwa kanisa liko chini ya ziwa. Na zile ambazo hazikukatwa hazina makao mengine ila karatasi.

Zaidi ya 60 zilikwenda Warsaw, ambako ukumbi wake ulifunguliwa mwaka 1972, na zilizosalia zikabaki katika Jumba la Makumbusho la Taifa, Khartoum. Vita vilivyozuka Aprili 2023 vikalifikia jumba hilo likaporwa, na atakayepewa kazi ya kukagua kilichomo na kisichokuwamo hana budi kuanza na kumbukumbu zilizoandikwa pale Faras.