Rehani ya Mabinti wa Kitharu

Neno rehani ni neno la kale katika lugha yetu, na maana yake yajulikana na kila mwenye duka: mtu hutoa kitu chake chenye thamani, akapewa fedha au nafaka, na kitu hicho hukaa mikononi mwa mdai mpaka deni lilipwe. Katika njaa kuu zilizoipata nchi yetu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, hasa ile ya mwaka wa 1884, wako wazazi wa Kimijikenda na wa Kitaita waliolazimika kuweka rehani, si jembe wala mbuzi, bali watoto wao wenyewe, ili wapate chakula cha kuwaokoa waliosalia. Baadhi yao walikombolewa mvua iliponyesha. Wengine hawakuonekana tena. Naanza na habari hii kwa sababu nchi nitakayoisimulia ni ya mbali, na ni rahisi mtu kuwadhania watu wa mbali kuwa hawana huruma kwa watoto wao.

Wengi wakisikia jina la Nepal hufikiri juu ya milima ya theluji tu. Walakini kusini ya milima hiyo, mpakani mwa India, kuna ukanda wa nchi tambarare, wenye joto na rutuba, uitwao Terai. Zamani ukanda huo ulikuwa na misitu minene na malaria kali, hata watu wa milimani waliogopa kulala huko wakati wa mvua. Wenyeji wake, Watharu, waliishi humo kwa karne nyingi. Miili yao ilikuwa na kinga fulani dhidi ya ugonjwa huo, jambo ambalo wataalamu wa siku hizi wamelichunguza na kulithibitisha. Hivyo mbu, mdudu anayelaaniwa kila mahali, alikuwa mlinzi wa mashamba yao.

Katika miaka ya 1950 serikali ya Nepal, ikisaidiwa na Marekani na Shirika la Afya Duniani, ilianza kunyunyiza dawa ya DDT ili kuiondoa malaria. Ilikuwa kazi njema, na hapana shaka watu wengi sana waliokoka. Lakini malaria ilipopungua, mlango uliokuwa umefungwa ukafunguka. Watu wa milimani wakashuka kwa wingi kutafuta ardhi, na miongoni mwao walikuwako waliojua kusoma, kuandika, na kuzungumza na wakubwa wa ofisini. Mtharu hakuyajua hayo. Shamba lilikuwa lake kwa kuwa babu yake ndiye aliyelifyeka; hati ya nini? Ardhi ilipoanza kupimwa na kuandikishwa, aliyekuja na karatasi ndiye aliyetambuliwa, na Watharu wengi wakajikuta wageni katika mashamba yao wenyewe. Wengine walitia alama ya dole gumba chini ya maandishi wasiyoweza kuyasoma. Kidole kimoja chenye wino kikamaliza kazi ya vizazi vitatu.

Mtu asiye na shamba hana budi kulima la mwingine. Katika wilaya tano za magharibi, yaani Dang, Banke, Bardiya, Kailali na Kanchanpur, wengi wakawa kamaiya, yaani vibarua waliofungwa kwa deni. Bwana shamba alimkopesha mtu fedha za matibabu au chakula, naye akalipa kwa jasho. Lakini daftari lilikaa kwa bwana, hesabu ilifanywa na bwana, na deni halikupungua. Baba akifa, mwana alilirithi. Bwana mwingine akimtaka mtu huyo, alilipa deni lake na kumchukua, na sijui jina jingine la biashara hiyo ila kuuza watu.

Kutoka katika hali hiyo ndipo ilipotoka rehani ya mabinti. Watharu wana sikukuu yao kubwa iitwayo Maghi, katikati ya Januari. Huchinja nguruwe, huoga mtoni, hucheza ngoma. Na ndio wakati wa kupanga mambo ya mwaka mpya. Siku hizo mabwana na mawakala walikuja vijijini kutafuta wasichana wa kazi, waitwao kamlari. Wengine walikuwa na umri wa miaka sita tu. Bei ya msichana kwa mwaka mzima haikufikia dola 100 za Marekani, nayo alipewa baba, si yeye. Pengine hapakuwa na bei yo yote: bwana alisema tu kwamba asiyemtoa binti yake hatapata kipande cha shamba cha kulima. Msichana alipelekwa mjini, hata Kathmandu, akafua, akapika, akalea watoto waliokuwa wakubwa kuliko yeye, akalala sakafuni jikoni. Kuna waliopigwa na waliofanyiwa mabaya zaidi. Kuna ambao wazazi wao hawakupata habari zao tena.

Sasa naomba msomaji aliangalie jambo moja kwa makini. Wakala hakumwambia mama, “Nipe mtoto wako nikamtumikishe.” Mara nyingi alisema kwamba huko mjini msichana atapelekwa shule. Mama asiyejua kusoma, aliyeona kwa macho yake jinsi karatasi ilivyomnyang'anya mumewe shamba, alijua thamani ya shule kuliko mtu ye yote. Chambo cha ndoana kilikuwa elimu yenyewe. Wasomaji wetu ambao kwao wasichana huchukuliwa kijijini kwenda kuwa mayaya mjini kwa ahadi ya namna hiyo hawatashangaa.

Waliotangulia kupambana na mambo haya walikuwa vijana wa Kitharu wenyewe. Mwaka wa 1985, huko Dang, kijana aitwaye Dilli Bahadur Chaudhary na rafiki zake walianza kuwafundisha wanakijiji wenzao kusoma na kuandika. Walifundisha usiku, kwa sababu mchana wanafunzi wao walikuwa katika mashamba ya mabwana. Mtu aweza kucheka akifikiri juu ya wazee waliochoka na kulima, wakisinzia juu ya herufi. Lakini mabwana hawakucheka. Walielewa upesi kwamba mtu anayejua kutoa na kujumlisha ataomba kuliona daftari. Chama cha vijana hao kiliandikishwa mwaka wa 1991 kwa jina la BASE, na mwaka wa 1994 Dilli Bahadur akapewa tuzo ya haki za binadamu huko Marekani.

Mwezi wa Mei mwaka wa 2000 familia 19 za kamaiya katika kijiji cha Geta, wilaya ya Kailali, zilikwenda mbele ya serikali kudai mshahara wa halali. Wenzao wakawaunga mkono, maandamano yakafika Kathmandu, na tarehe 17 Julai mwaka ule ule serikali ikatangaza kwamba utumwa wa kamaiya umekwisha na madeni yao yamefutwa.

Mimi nauona uamuzi ule kuwa ni nusu ya kazi. Mabwana wengi waliwafukuza watu hao mara moja, nao wakakaa kando ya barabara na misituni, chini ya vibanda vya nyasi na karatasi za plastiki, huru na wenye njaa. Ardhi waliyoahidiwa ilichelewa. Tena tangazo lilimtaja kamaiya, halikumtaja kamlari. Baba alikuwa huru, lakini binti yake aliendelea kuosha vyombo vya watu, na kwa familia nyingi ujira wake ukawa ndiyo fedha pekee iliyoingia nyumbani.

Mwaka huo huo wa 2000 jambo jipya lilianza huko Dang. Mama mmoja Mmarekani, Olga Murray, aliyekuwa mwanasheria katika Mahakama Kuu ya California mpaka alipostaafu, alikuwa ameanzisha shirika la kuwasaidia vijana wa Nepal. Yeye na wenzake Wanepali, akiwemo Som Paneru, walipoambiwa habari za kamlari walijiuliza: ikiwa familia inamtoa binti kwa ajili ya kiasi kidogo hivi, ni kitu gani kingeweza kuleta kiasi hicho nyumbani bila yeye kuondoka? Jibu lilikuwa nguruwe. Wasomaji wetu wa pwani labda watakunja uso, lakini Watharu hufuga nguruwe, na mtoto wa nguruwe hula mabaki ya jikoni na kukua upesi. Familia iliyokubali kumrudisha binti, au kutomtoa, ilipewa mtoto wa nguruwe, au mbuzi kama walipenda. Mwisho wa mwaka mnyama huyo aliweza kuuzwa kwa bei iliyokaribia ujira wa msichana. Shirika lililipa gharama za shule. Zaidi ya hayo familia ilipewa taa na lita 2 za mafuta ya taa kila mwezi, ili msichana apate mwanga wa kusomea.

Watu waliokuja kabla yao na hotuba tu walikuwa wamesikilizwa kwa adabu, na Maghi ilipofika mawakala wakapewa wasichana kama kawaida. Haikuwa dharau. Mzazi aliyeishiwa unga hawezi kupika hotuba.

Walakini nguruwe peke yake asingetosha, na hapa naona heshima kubwa zaidi yawastahili wasichana waliorudi. Walikwenda kijiji hata kijiji kabla ya sikukuu, wakaigiza michezo barabarani juu ya maisha waliyoyapata, wakazungumza katika redio, wakaandamana. Mzazi aliweza kubishana na mgeni kutoka mjini, hakuweza kubishana na binti wa jirani aliyesimama mbele yake akisema, “Niliambiwa nitasoma, na sikuiona shule.” Mmoja wao, Urmila Chaudhary, alitolewa akiwa na umri wa miaka sita hivi, akatumika zaidi ya miaka kumi. Alipopata uhuru aliingia shuleni, na baadaye akawa kiongozi wa chama ambacho kamlari wa zamani walikiunda wenyewe mwaka wa 2010.

Shida mpya zilizuka. Msichana wa miaka 15 aliketi darasa la kwanza, magoti yakigonga dawati, kati ya watoto wa miaka 6. Ilibidi kuanzisha masomo ya kuwainua upesi, na kuwafundisha waliopita umri kazi za mikono na biashara. Shule za vijijini zikajaa, vyumba vikaongezwa. Hata hivyo wasichana waliokombolewa kwa njia hii wamezidi 12,000.

Mahakama Kuu ya Nepal ilikuwa imesema mwaka wa 2006 kwamba desturi hiyo ni kinyume cha sheria, lakini hukumu ilikaa katika makabati. Mwezi wa Machi mwaka wa 2013 kamlari wa miaka 12 alikufa kwa kuungua moto katika nyumba aliyotumika, karibu na Kathmandu. Wasichana waliokuwa kamlari wakatoka barabarani, wengi wao wakiwa wamevaa sare za shule, wakapambana na polisi, wakafunga njia katika wilaya zao. Katika Juni serikali ilikubali madai yao na kutangaza kwamba kamlari imekomeshwa. Olga Murray alifariki mwaka wa 2024, akiwa na umri wa miaka 98. Maghi ingali ikisherehekewa kila Januari; nguruwe huchinjwa, ngoma huchezwa, na serikali za vijiji zingali zikiulizwa habari za ardhi iliyoahidiwa mwaka wa 2000.